Kwenda Kuona Hali ya Ndugu

Somo: Mwanzo 37:12-17

Nawasalimu ninyi mlio nyumbani pamoja na jamaa zenu, ninyi mlio safarini, na hasa ninyi ambao jioni hii mmekaa peke yenu katika chumba cha kupanga, mbali na kwenu. Mazungumzo yetu ya leo yahusu jambo tulifanyalo wengi bila kulifikiri sana, nalo ni kumtembelea ndugu anayeishi mjini.

Katika somo letu twaona mzee Yakobo akikaa bondeni Hebroni, na wanawe wakubwa wamekwenda mbali kulisha kondoo mpaka Shekemu. Siku zimepita, naye hana habari zao. Basi akamwita Yusufu, akamtuma aende akaangalie kama ndugu zake wana amani na kama mifugo i salama, kisha arudi amweleze. Tazama vizuri, msikilizaji. Yakobo hakumwambia mwanawe akalete mwana-kondoo mnono, wala sufu, wala fedha ya sufu iliyouzwa. Maagizo yake yalikuwa matatu tu: nenda, tazama, rudi na habari.

Yusufu naye hakuijua njia. Alipofika Shekemu hakuwakuta, akawa anatangatanga kondeni. Mtu mmoja asiyemjua akamwuliza anatafuta nini, naye akajibu kwamba anawatafuta ndugu zake. Mtu yule akamwelekeza Dothani. Ninyi mliowahi kushuka basi katikati ya Nairobi kwa mara ya kwanza, na mzigo kichwani na namba ya simu kwenye kikaratasi, mnajua jinsi mtu wa namna hiyo alivyo malaika.

Sasa, kwa nini kwetu safari ya kumwona ndugu imegeuka kuwa safari ya kumdai? Sababu moja yatokana na jinsi mji wenyewe ulivyoanza. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli. Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni haikutaka Mwafrika aufanye mji kuwa kwake. Kuanzia mwaka 1920 au karibu na hapo, mwanamume alitembea na kipande shingoni kilichoonyesha ni mtumishi wa nani. Alikuja peke yake, akalala mahali pa kulala tu, akafanya kazi, akapeleka mshahara nyumbani. Mke, mama na dada walibaki shambani. Hivyo tukazoea kusema kwamba nyumbani ni kule, na mjini ni mahali pa pesa. Mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 1950, uhuru ukaja mwaka 1963, na hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha wakazi zaidi ya milioni 4. Lakini mioyoni mwetu wazo lile halijabadilika. Aliye Nairobi bado twamwona kama mkoba uliotundikwa ukutani, tukihitaji twautia mkono.

Sababu ya pili ni simu. Tangu mwaka 2007, pesa zaweza kutumwa kwa simu kwa dakika moja. Namshukuru Mungu kwa jambo hilo, maana limeokoa wagonjwa na kulipa karo nyingi. Hata hivyo limetufundisha uvivu. Zamani, pesa ililetwa na mtu, na mtu yule ulimwona uso. Siku hizi twaona tarakimu, twasema, "Yuko salama, ametuma."

Niruhusuni niwaeleze lililonipata mimi, kwa maana siwezi kuwafundisha wengine jambo ambalo kwanza lilinihukumu mimi mwenyewe.

Mimi ni binti wa kwanza katika nyumba ya watoto sita, huko Magharibi mwa Kenya. Wa tano wetu, mvulana, nilimbeba mgongoni mimi, kwa kuwa mama alikuwa akishinda shambani. Kijana huyu alikwenda Nairobi, akapata kazi ya karani wa ghala katika kampuni moja. Kila mwezi, bila kukosa, alimtumia mama shilingi 3,000. Tulimsifu kanisani na kila mahali. Lakini katika miaka sita hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumwona.

Mwezi wa Agosti mwaka 2023 jamaa yetu ilikutana. Nyumba ya mama ilikuwa inavuja, mtoto wa ndugu yetu alikuwa amerudishwa kwa karo, na kulikuwa na deni la hospitali. Wakasema, "Dada, wewe ndiwe mkubwa. Nenda Nairobi ukaseme naye ana kwa ana." Wakaniandikia orodha, nami nikaitia katika mkoba pamoja na Biblia yangu. Nikafunga kikapu: unga wa mtama, omena, njugu na kuku mmoja hai. Ijumaa asubuhi, tarehe 4, nikapanda basi.

Mabasi ya kwetu huingia Nairobi kwa upande wa magharibi. Huteremka kutoka Limuru, yakapita Kikuyu na Uthiru, kisha Kangemi, ndipo yafuate barabara ya Waiyaki kupitia Westlands mpaka mjini. Abiria wengi hushuka Kangemi, maana Kangemi na Kawangware zimejaa watu wa kwetu. Ukiita kwa lugha ya mama barabarani, hukosi wa kugeuka. Lakini ndugu yangu alinionya kwa simu, "Dada, usishuke Kangemi. Njoo mpaka katikati ya mji, nitakupokea huko." Nami nikatii. Alinipokea kwa furaha, akachukua kikapu, tukapanda matatu, na tazama, ikaturudisha kwa barabara ile ile niliyojia, tukapita Kangemi, tukashuka Uthiru. Nikajiuliza moyoni kwa nini amenizungusha. Akasema alitaka nione taa za mji, na barabara mpya ile ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022. Nikanyamaza.

Nyumba aliyoniingiza ilikuwa ya mawe, ghorofa ya tatu, ina viti vya sofa na televisheni. Nikamshukuru Mungu. Nikasema, "Mwana wa mama, kumbe umebarikiwa hivi!" Akacheka kidogo. Nikamchinja yule kuku, nikaanza kupika. Nikamwambia, "Nipe chumvi." Akafungua kabati la kwanza, akalifunga. Akafungua la pili. Akafungua la tatu. Chumvi akaikuta nyuma ya majani ya chai. Wasikilizaji, mimi ni mwanamke niliyetunza jiko miaka zaidi ya thelathini. Mtu asiyejua chumvi ilipo hajapika katika jiko lile. Lakini nikanyamaza tena.

Jumamosi akanitembeza mjini. Tukapanda juu ya jumba la mikutano la Kenyatta, mnara ule wa mviringo uliokamilika mwaka 1973, wenye ghorofa 28. Kutoka juu nikaona mji wote, na vilima vya Ngong kwa mbali. Nikamwuliza, "Kwako ni upande gani?" Mkono wake ukaenda huku ukarudi kule, mwisho akasema, "Ni huko huko, nyuma ya miti." Kisha tukashuka mpaka bustani ya ukumbusho kwenye pembe ya barabara za Moi na Haile Selassie, mahali palipolipuliwa kwa bomu tarehe 7 Agosti 1998, ambapo watu zaidi ya 200 waliuawa. Majina yao yameandikwa ukutani, na zilikuwa zimebaki siku mbili tu kutimia miaka 25. Nikasimama pale nikamkumbuka marehemu baba. Ijumaa ile ya mlipuko, habari zilipotoka redioni, baba aliulizia habari za mjomba wetu asizipate, maana simu zilikuwa chache. Akapanda basi la usiku. Akatembea hospitali kwa hospitali, akamkuta mjomba mzima nyumbani kwake. Siku ya tatu akarudi, akasimama mlangoni akasema, "Nimemwona kwa macho yangu." Hakuja na kitu kingine, nasi tukalia kwa furaha.

Tulipokwenda kula, ndugu yangu akaniagizia chapati na maharagwe, yeye akanywa chai tupu. Akasema tumbo halimpi nafasi. Nikamtazama mkono alioshika kikombe. Vidole vya karani havina ufa wa simiti. Bado nikanyamaza, kwa kuwa, niseme kweli, nilikuwa nawaza ni saa ngapi ingefaa kuitoa ile orodha.

Jumapili tulisali Kangemi. Baada ya ibada, mama mmoja wa kanisa, mtu mwema, akanishika mikono miwili akasema, "Karibu, dada yake. Sisi hapa tunaendelea kumwombea, Mungu amfungulie mlango wa kazi." Nikageuka kumtazama ndugu yangu. Akatazama chini.

Hatukupanda matatu. Akaniambia, "Twende, dada, nikuonyeshe." Tukaenda kwa miguu hadi Kawangware. Na mjue kwamba Kawangware na Lavington zapakana. Upande mmoja ni nyumba zenye bustani na walinzi, na upande wa pili watu wanapanga foleni ya maji na mitungi yao. Akafungua kufuli ya chumba cha mabati. Ndani mlikuwa na godoro moja, jiko la mafuta taa, ndoo mbili, na shati moja jeupe lililopigwa pasi, limetundikwa kwa ajili ya siku atakayoitwa kazini. Ukutani palikuwa na picha ya baba.

Kampuni ilikuwa imepunguza wafanyakazi. Alikuwa hana kazi miezi 14. Alibeba mawe na simiti kwenye mjengo siku alizopata, na siku asizopata alishinda bila kula. Ile nyumba ya Uthiru ilikuwa ya rafiki yake aliyesafiri. Na zile shilingi 3,000 za mama? Zilikuwa za mjengo mwezi huu, na za mkopo wa simu mwezi ule, mkopo mmoja ukilipa mwingine.

Nikaanza kulia. Naye hapo akakasirika. Akaniambia, "Dada, kwani ulikuja kufanya nini? Si ungeniambia tu kwenye simu mnataka nini?" Neno lile lilinichoma, kwa sababu orodha ilikuwa ndani ya mkoba.

Wapenzi, hebu tusimame hapo kidogo. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 17, Yese naye alimtuma mwanawe mdogo, Daudi, kwenda kuwaona ndugu zake vitani. Alimpa bisi, mikate kumi, na jibini kumi za mkuu wao. Lakini Daudi alipofika, Eliabu kaka yake alimkasirikia, akamwuliza kwa nini ameteremka. Nilipokuwa msichana nilidhani Eliabu alikuwa mtu mbaya tu. Siku ile katika chumba cha Kawangware nilimfahamu zaidi. Kwa siku arobaini Goliathi alikuwa amewatukana, na hakuna aliyethubutu kutoka. Mtu aliyeshindwa huona haya kutazamwa na wa nyumbani. Hasira ya ndugu yako wakati mwingine ni nguo tu, nayo imefunika aibu.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Ni kweli. Lakini na tujiulize, ni nani aliyemfundisha kijana huyu kuuficha uchi wake? Ni sisi. Kila tulipomsifu, tulisifu kile alichotuma. Hakuna siku tuliyomwambia, "Hata usipotuma, wewe ni wetu." Alikopa ili asipoteze nafasi yake kwetu.

Jioni ile nikapika ugali na omena katika chumba kile. Chumvi aliitoa mwenyewe bila kutafuta, katika kopo la siagi kuukuu kando ya mlango. Nikalala kwenye godoro, yeye akalala sakafuni juu ya leso yangu, nasi tukazungumza mpaka usiku wa manane. Orodha nilimwonyesha, kwa maana sikutaka kumficha kama alivyonificha. Akaisoma yote. Akasema, "Nilijua." Nikamwomba msamaha, naye akaniomba msamaha. Kisha ukaja mzigo mgumu zaidi. Akasema, "Usimwambie mama." Nikamwambia, "Mwana wa mama, nimetumwa. Nikirudi na uongo, nitakuwa sijafika." Tulivutana sana. Mwisho akakubali, kwa sharti kwamba niseme mwenyewe, nikiwa nimeketi karibu na mama, na nisiseme mbele ya majirani.

Jumatatu nikapanda basi Kangemi. Nilipoeleza habari nyumbani, mmoja wa ndugu zetu alinuna, akasema watu wa mjini wanajua kujifanya maskini. Mpaka leo hajaamini vizuri. Mama alikaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza neno moja tu: "Anakula?"

Hilo ndilo swali la Yakobo. Kama tungaliuliza hivyo tangu mwanzo, kijana asingalitumbukia katika madeni. Tulikubaliana asitume chochote mwaka mzima, bali sisi tumpelekee mahindi na maharagwe kwa basi. Nyumba ya mama tuliezeka upande mmoja kwa nguvu zetu, na upande wa pili ungali wavuja. Ndugu yangu hajapata kazi ya kuandikwa, lakini deni amelimaliza, na anapotupigia simu anasema kweli.

Basi, tujifunze nini? Nitayataja mambo matatu, yale yale ya mzee Yakobo.

Kwanza, nenda. Simu ni njema, lakini simu haikuonyeshi vidole vyenye ufa. Paulo aliyeandika nyaraka nyingi ndiye aliyemwambia Barnaba warudi kuwatembelea ndugu katika kila mji na kuangalia hali yao. Habari hiyo i katika Matendo 15:36. Kama huwezi kwenda mara nyingi, nenda mara moja kwa mwaka. Tena usiende mikono mitupu, kwa maana Yese alitangulia kutoa mikate kabla ya kuuliza habari. Wala usikae mpaka mwenyeji achoke. Mjini chumba ni kimoja, maji hununuliwa, na kila siku ina gharama yake. Siku mbili au tatu zatosha.

Pili, tazama. Tazama kwa upole, si kama askari. Mimi niliona mambo matatu tangu Ijumaa, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu hakukuwa hekima yote. Nusu yake ilikuwa tamaa, maana sikutaka kuona jambo litakaloiharibu orodha yangu. Mtu aliyekwenda kudai hawezi kuona vizuri. Nanyi mlio mjini, nawasihi, msiazime nyumba kwa ajili ya wageni. Wahenga wanasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atapona vipi ikiwa amemficha mgeni kidonda chake?

Tatu, rudi na habari za kweli. Useme kwa ruhusa, kwa heshima, mbele ya wanaohusika, wala usiifanye kuwa hadithi ya kisimani. Na ninyi makanisa ya mjini, nawashukuru. Kanisa la Kangemi lilijua haja ya ndugu yangu wakati sisi wa damu yake hatukuijua. Nawaomba jambo moja zaidi. Mkimwombea kijana aliye peke yake, mwulizeni pia kwao ni wapi, na kama kwao wanajua.

Mwisho, wapenzi, tukumbuke ziara ya kwanza iliyoandikwa katika Biblia. Adamu alipokosa, alijificha kati ya miti, akajifunika majani. Mungu hakuletewa habari na mtu. Alikuja mwenyewe bustanini jioni, akamwita, akamwuliza yuko wapi. Alijua alipo, lakini alitaka mtu atoke mafichoni kwa mguu wake. Na zamani zilipotimia, Mungu huyo alikuja tena katika Mwana wake, akakaa kwetu, katika chumba chetu kibovu, wala hakuja na orodha ya madai. Alikuja akatuona tulivyo, akatupenda vivyo hivyo. Wewe usikiaye sasa, ikiwa umeazima nyumba nzuri ya kumwonyesha Mungu, yaani maneno mazuri na sura ya kanisani, fungua leo kile chumba chenyewe. Yeye ataingia.

Na tuombe. Baba uliye mbinguni, twakushukuru kwa kuwa ulikuja kutuona. Tusamehe sisi tuliowageuza ndugu zetu kuwa mikoba. Wakumbuke walio Nairobi na katika miji yote, wasio na kazi, wenye madeni, na wanaoogopa kurudi nyumbani mikono mitupu. Utupe miguu ya kwenda, macho ya kuona, na ulimi wa kweli. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.